Sostenes na Hatua ya Thelathini na Moja

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Mlioko Mandewa, mlioko Mtinko, mlio njiani na redio ya simu sikioni, karibuni. Leo tunamkumbuka Sostenes Mughwai, fundi cherehani wa Mandewa. Alifariki wiki mbili zilizopita kwa homa ya mapafu. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Tumemzika Mtinko, kwao.

Wengi mlimjua kwa cherehani. Mashine iliyoshindikana mjini kote ilipelekwa kwake. Mimi nilimjua kwa chesi. Tulijifunza pamoja sekondari, kwenye ubao aliouchora yeye kwa kalamu juu ya kipande cha boksi. Alikuwa mzuri kuliko mimi. Narudia: alikuwa mzuri kuliko mimi.

Mdogo wake, Redempta, aliniambia msibani: "Kaka alikuwa anakula huku anaangalia ubao. Mama alikuwa anamtania, 'Wewe Sostenes, hao farasi wako wangekuwa ng'ombe, si ungeshaoa wake watatu?'" Tukacheka kidogo. Kisha akaniletea daftari.

Ni daftari la jalada la kijani. Ndani yake kuna mchezo mmoja tu. Mchezo mmoja, aliouchambua miaka kumi na moja. Ni fainali ya mkoa, mwaka 2014, hapa Singida Mjini. Mshindi alikuwa anakwenda Dodoma kuuwakilisha mkoa. Sostenes alicheza fainali hiyo, akashindwa. Aliyemshinda ni mimi, Philipo, ninayezungumza nanyi.

Naomba niwaeleze ilivyokuwa. Askari wake mmoja alikuwa amebakiza hatua moja tu afike mwisho wa ubao na kugeuka malkia. Farasi wangu ndiye aliyekuwa anailinda ile nyumba ya mwisho, ule mraba wa kugeukia malkia. Farasi akiondoka, mimi nimekwisha. Ilikuwa zamu yangu. Hatua ya thelathini na moja.

Hapo akaingia Mzee Laurenti, aliyetufundisha hesabu. Mnajua kwetu. Mzee akiingia, unasimama. Sostenes akasimama, akamfuata mlangoni, akampokea mfuko.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Sostenes. Mnapigana?"

"Tunapigana, mwalimu. Ila Philipo ameshachoka, anatafuta pa kulala."

Ukumbi ukacheka. Wakaendelea kwa Kinyaturu, habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua. Mwamuzi naye alikuwa amesimama, anasubiri nafasi yake ya kuamkia.

Mimi sikusimama. Niliamkia nikiwa nimekaa, mkono uko kwenye farasi. Nikamwinua. Nikiwa nimemshika hewani ndipo nikamwona yule askari. Sheria inajulikana hata kwa watoto: ukigusa kete yako, unaicheza hiyo hiyo. Nikatazama huku na huku. Wote wamenipa mgongo. Nikamrudisha farasi mahali pake. Nikasogeza mfalme nyumba moja. Hatua isiyo na maana yoyote.

Sostenes akarudi, akautazama ubao, akaduwaa. Akafikiri dakika kumi na mbili. Aliamini nimemtegea kitu. Akaanza kurudi nyuma, saa ikambana, akakosea, mwisho akanipa mkono. "Umeniweza, ndugu yangu."

Dodoma nilitolewa siku ya kwanza. Lakini nilihojiwa redioni kama bingwa wa Singida, sauti ikapendwa, nikaitwa kazini. Ndiyo sauti hii mnayoisikia.

Yeye hakushindana tena. Waandaaji walimwita mara tatu, akakataa mara tatu. Alisema akili yake inakatika mbele za watu. Shule moja ilimwomba afundishe wanafunzi. Akajibu, "Nitawafundisha nini? Kushindwa?"

Siku moja alinikuta sokoni. Akaniuliza, "Philipo, ule mfalme. Uliona nini?" Ningeweza kusema pale pale, kati ya mafungu ya vitunguu. Nikacheka. Nikamwambia, "Hiyo siri ya bingwa, mzee." Naye akacheka. Akarudi kwenye daftari lake.

Nimelisoma lote. Ameandika kwa penseli. "Hatua ya 32, niliogopa bure." "Hatua ya 35, ngome ilipaswa kubaki." Na kila baada ya kurasa chache: "Kwa nini mfalme? Philipo aliona mbali. Mimi bado sioni." Mwezi mmoja kabla hajalazwa aliandika: "Labda sikuzaliwa na akili ya mchezo huu."

Redempta aliniuliza, "Kaka Philipo, wewe ulikuwepo. Alikosea wapi?" Nilishindwa kumtazama. Nikamwambia afungue redio leo.

Redempta, kaka yako hakukosea. Mchezo uliishia hatua ya thelathini na moja, na yeye alikuwa ameshinda. Makosa yote aliyoyaandika aliyafanya kwenye mchezo ambao haukupaswa kuendelea. Na mimi sikuona mbali. Sikuona chochote. Nilikuwa naficha mkono wangu. Aliusoma uongo wangu miaka kumi na moja akidhani ni akili.

Kwa mama yake, kwa Redempta, kwa ukoo wote wa Mtinko, poleni sana. Mungu ampumzishe Sostenes. Msamaha sitauomba kupitia redio. Nitakuja nyumbani, na mkinifungia mlango nitaelewa.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, jiulizeni jioni hii. Yupo mtu anayejilaumu kwa jambo ambalo wewe ndiye unayeujua ukweli wake? Mwendee angali anasikia. Mimi nilikuwa namkuta Sostenes kila wiki, umbali wa nauli ya bodaboda.

Daftari lilikuwa limebakiza ukurasa mmoja mtupu. Nimeandika hapo mstari mmoja, kwa kalamu ya wino: "Hatua ya 31. Philipo alimgusa farasi." Kesho asubuhi nalirudisha Mtinko.