Jino Lililokataa Kushika

Tunu alikuwa hoi na hakutaka kusikia habari za mtu. Lakini wale wawili wa kiti cha mbele, waliofahamiana humo humo ndani ya basi la kutoka Kibondo, hawakujua kunong'ona.

"Jino la kupandikiza nilikaa nalo miezi minne tu, likaanza kucheza," alilalamika Saady, muuza vitenge. "Daktari yule hajui kazi."

"Hiyo sukari uliyoniambia, na yeye ulimwambia?" aliuliza Esteri, mkulima wa Mabamba.

"Nilifuata jino, mama, sikufuata sukari."

"Baba, sukari ikiwa juu mfupa haushiki chuma cha jino vizuri. Dada yangu walimshusha sukari kwanza, na leo anatafuna mahindi ya kuchoma."

"Ana bahati."

"Alisema ukweli."

Saady alishusha sauti kidogo, jambo gumu kwa muuza vitenge. "Ningesema, wangenirudisha nyumbani. Nimechoka kucheka nimeziba mdomo."

Tunu alijishika shavu. Naye alikuwa anakwenda kupandikizwa jino, na sukari yake alikuwa ameificha.

Basi liliposimama Kasulu, wawili wale waliteremka wakibishana. Tunu alibaki kitini, akapiga simu.

"Daktari," alisema kwa sauti ya uchovu, "kuna kitu sikukwambia."