Bakhtrawan wa Sarkalay na Dua ya Heri ya Desemba

Ndugu, jamaa, majirani wa Sarkalay, wanachama wa Chama cha Mwamko wa jana na wa leo, nyote mliokuja kumsindikiza Bakhtrawan mwana wa Shah Zarin, na ninyi pia mliokuja kuangalia nani amekuja, karibuni, familia inawashukuru, na wale wanaorekodi kwa kuficha simu ndani ya shali wazitoe tu nje, kwa kuwa haya tumeyaandika nakala tatu na atakayetaka yake atapewa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1954 hapa hapa Sarkalay, Dir ya Chini, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa mzee Shah Zarin na bibi Gulalai, japo kitambulisho chake kinasema tarehe mosi Januari, kama vitambulisho vya nusu ya wanaume waliokaa hapa, kwa sababu karani wa siku ile alichoka kuuliza, na marehemu alihangaika na ofisi miaka sita ili tarehe hiyo isahihishwe, akashindwa, na tangu hapo hakuamini karatasi yoyote ambayo hakuiandika mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia mwaka 1960 hadi 1965, akakaa mkeka mmoja na Gul Rahim wa kitongoji cha juu, ambaye baadaye wengi wenu mlimjua kama Mwalimu Gul Rahim, kisha wote wawili wakaenda sekondari Timergara, wakitembea kwa miguu asubuhi na jioni, wakamaliza mwaka 1971, na wote wawili wakajiunga na chuo cha Chakdara, ila marehemu aliacha mwaka wa pili baba yake alipopooza, na Gul Rahim akaendelea akawa mwalimu.

Mwaka 1975 marehemu alianza kazi ya kuandika maombi nje ya mahakama ya Timergara, chini ya turubai, kwa taipureta ya mkono wa pili, kazi aliyoifanya miaka arobaini na miwili, akaandika dhamana, mirathi, talaka na mipaka ya mashamba, na kazi hiyo ilimfundisha kwamba mtu anapokwambia "niandikie ukweli mtupu" ndipo ushike kalamu vizuri, kwani anakaribia kudanganya. Wenzake walimtania hadi akazoea, wakisema, "Kaka Bakhtrawan, wewe hata salamu unaisoma mara mbili kabla ya kuijibu," naye akijibu, "Na wewe ungeisoma mara moja tu, usingekuwa na kesi mbili." Alikuwa mtu wa kushuku, familia haitaficha, alitazama viatu mlangoni kabla ya kuingia barazani ajue nani yumo, na mkewe atawaambia, akiwa huko ndani na akina mama, kwamba miaka arobaini na minne ya ndoa hakunywa kikombe cha chai ya kijani bila kukinusa kwanza.

Mke huyo ni Bibi Taslim wa Talash, waliyeoana naye tarehe 12 Oktoba 1979, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto watatu, Israr aliyezaliwa 1981, ambaye ni wakili na ndiye anayesoma haya, Noorul Basar aliyezaliwa 1984, yuko Sharjah na ndege yake imechelewa, na Shagufta aliyezaliwa 1988, mwalimu wa hesabu, pamoja na wajukuu saba, ambao mdogo wao alizaliwa Juni mwaka huu na marehemu alimshika mara mbili tu.

Tunakuja sasa kwenye chama, na tunaona baadhi yenu mnakaa sawasawa. Marehemu alijiunga na Chama cha Mwamko mwaka 1997, kilipokuwa na wanachama tisa wilaya nzima na alama ya birika kwenye karatasi ya kura, akavutwa na Mwalimu Gul Rahim, aliyekuja chini ya turubai akamwambia, "Bakhtrawan, umeandika malalamiko ya watu miaka ishirini, njoo uandike kitu kimoja kinachotaka jambo, si kulalamika tu," na kwa sababu chama kiliahidi mahakama zisizonunuliwa na shule zenye walimu, marehemu alisoma katiba ya chama mara tatu, hakukuta mtego, akaingia, na mwaka 2001 akachaguliwa katibu wa wilaya, mtunza daftari la mihtasari, kazi aliyoifanya hadi 2013.

Mwaka 2007 watu wa mlimani walikwisha shuka. Hapa hakuna asiyejua tunawazungumzia akina nani, walikuwa na bunduki na redio, walifunga maduka ya vinyozi na ya kanda za muziki, wakawa wanaamua kesi kabla hazijafika mahakamani, na uchaguzi ukiwa unakaribia, ndani ya chama kukazuka mabishano yaliyogawa ndugu na ndugu. Mwenyekiti wa wilaya, Malik Amir Nawab, alisema chama cha mageuzi hakiwezi kufanya mageuzi kikiwa nje, kwamba vijana wa mlimani nao wamedhulumiwa, kwamba ukiongea nao watatulia, na kwamba kura za bonde la juu zote ziko mikononi mwao, basi chama kifunge nao mapatano. Mwalimu Gul Rahim alisimama akamjibu, "Malik, mwenye bunduki ukimpa mkono leo, kesho atataka na bega, na sisi tuliwaambia watu tunakuja kuondoa wababe, hatukusema tunakuja kuwachagulia wapya." Marehemu naye alisema saa nzima, kwa vifungu, akiuliza nani aliandika masharti ya mapatano hayo, kwa nini hayana sahihi, na kwa nini chama kiahidi kunyamaza wakati upande wa pili haukuahidi kitu, na Malik akacheka akasema, "Katibu wetu angekuwa Peponi angedai kuona hati ya kiwanja," na watu wakacheka, na marehemu pia alicheka, jambo alilolijutia.

Kikao cha kuamua kilifanyika Alhamisi tarehe 6 Desemba 2007, barazani kwa Malik, wajumbe kumi na tisa, na njiani wakienda, marehemu na Mwalimu Gul Rahim walikubaliana kwamba ikifika dua ya heri hawatainua mikono. Ninyi mnaijua dua ya heri, hapa kwetu kura si karatasi, jambo likishaombewa kwa mikono iliyoinuliwa limefungwa, aliyeinua hawezi kurudi nyuma bila kujivunjia heshima, na asiyeinua amejitenga mbele ya Mungu na watu, kwa hiyo ahadi ile haikuwa ndogo.

Yaliyotokea siku hiyo mmesimuliwa miaka kumi na tano, na mliyasikia kwa marehemu mwenyewe. Alisema kwamba Malik aliwaambia dua ile ni fatiha ya mama wa mjumbe wa Talash aliyefariki wiki ile, kwamba wao wakainua mikono kumwombea maiti, na kwamba kesho yake picha ikatoka gazetini ikisema wilaya nzima imefunga mapatano kwa dua ya heri, na hivyo ndivyo alivyoandika kwenye daftari, na hivyo ndivyo sisi wanawe tulivyoamini, hata Israr akagombana na mawakili wenzake mara mbili kwa ajili ya neno hilo, na mara moja akachaniwa koti.

Kwenye picha ile ni mtu mmoja tu ambaye mikono yake imekaa magotini, naye ni Mwalimu Gul Rahim. Tarehe 19 Aprili 2008, siku ya Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, Mwalimu alipigwa risasi kwenye lango la shule ya wasichana, mbele ya wanafunzi wake, Mungu amrehemu, na wauaji hawakushtakiwa hadi leo, na mgombea wa birika alikuwa amekwisha kushinda. Na kwa kuwa hadithi ya fatiha ilikuwa imesambaa, watu wakasema mengine juu ya kaburi lake, wakasema mtu gani huyo anayekataa kumwombea mama wa mwenzake, wakasema alikuwa na kiburi, wakasema imani yake ilikuwa na walakini, na wanawe wawili, Sajjad na Inamullah, wamekulia ndani ya maneno hayo, Sajjad alikataliwa posa kwa ajili ya hayo, na marehemu alikuwa anajua.

Marehemu aliugua figo kuanzia mwaka 2019, akawa anapelekwa Peshawar kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki tangu Februari 2021, na kipindi hicho alipokea wageni wengi wa chama, ambacho tangu ndoa ile na watu wa mlimani kimekwisha kuoa na kuacha mara nne, walikuja na makomamanga na pole nyingi, na kila mmoja kabla ya kuondoka aliuliza kwa upole kama daftari lile la mihtasari bado lipo, na tunawataarifu kwamba lipo, na halipo nyumbani.

Jumatano tarehe 27 Septemba mwaka huu, akiwa kwenye mashine, alimtuma muuguzi amwite Israr, akamwambia, "Shika kalamu, leo mimi ndiye mteja." Akasema hapakuwa na fatiha. Mama wa mjumbe wa Talash alikuwa amefariki kweli, lakini alikwisha kuombewa walipofika, kabla ya chai, na Mwalimu Gul Rahim aliinua mikono pamoja na wote. Dua ya pili ilikuwa ya mapatano, na Malik alisema hivyo kwa sauti, kila mtu akasikia. Karibu na viatu alikuwa ameketi mtu ambaye hakuna aliyemtambulisha, marehemu alikuwa amekwisha kuona viatu vyake mlangoni, vipya, vya kupandia milima, na mtu huyo hakuwa anaangalia nyuso, alikuwa anaangalia mikono. Marehemu alimwona, akaelewa anahesabu nini, na hakumnong'oneza rafiki yake aliyekaa kushoto kwake, bega kwa bega. Akainua mikono yake.

Israr aliandika kwamba baba alilazimishwa, marehemu akaomba asomewe, akasema, "Futa hapo. Hakuna aliyenishika. Andika aliogopa." Israr akaandika kwamba aliogopa kwa ajili ya watoto wake, na marehemu akasema, "Watoto umewaingiza wewe, wakili. Mimi sikuwafikiria. Gul Rahim naye alikuwa na watoto." Akasema Mwalimu aligeuka akamtazama mara moja, na walirudi njia ile ile kwa miguu, maili mbili, wakizungumza juu ya bei ya unga. Akasema hadithi ya fatiha aliitunga usiku ule ule kwa ajili ya mihtasari, ili jina lake lisikae na wale kumi na saba, na hakufikiri kwamba ukimsafisha mmoja kwa maji hayo unamchafua mwingine, na alipokuja kufikiri, Mwalimu alikuwa amezikwa na uongo ulikuwa umeoa na kuzaa. Israr hajawahi kumkasirikia baba yake kama siku ile, alitoka akakaa kwenye ngazi za hospitali, na alichukua siku tatu kurudi, na hilo marehemu alitaka nalo lisomwe.

Hali yake ilibadilika tarehe 30 Oktoba, maji yakajaa kwenye mapafu, na Alhamisi tarehe 2 Novemba 2023, saa kumi na mbili jioni, akiwa na mkewe na binti yake, aliaga dunia. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa figo, ambao marehemu aliwauliza jina la kila dawa na hawakuchoka kumjibu, majirani waliochimba kaburi tangu alfajiri, dereva Zahir Gul aliyempeleka Peshawar kila wiki na kumfungulia mlango kama mgeni wa heshima, waandishi wa maombi wa Timergara waliofunga turubai zao leo, na chama, kwa mashada na kwa hotuba iliyoandaliwa, ambayo tumeisoma, inamwita marehemu mwasisi wa mapatano ya amani ya bonde, na tunaomba isisomwe. Malik Amir Nawab, tumekuona, karibu, kaa, ukiwa na la kusahihisha katika haya sema sasa mbele ya maiti, usingoje magazeti.

Kwa desturi mrithi husimama hapa akauliza nani anamdai marehemu. Sisi tunamjua anayedai. Sajjad, Inamullah, mko safu ya nyuma karibu na ukuta, baba yenu hakukataa fatiha ya mtu yeyote, baba yenu alikataa kile ambacho sisi wote tungekikataa lau tungekuwa na moyo wake, na Bakhtrawan mwana wa Shah Zarin alimwacha peke yake kisha akamsingizia miaka kumi na tano, na anawaomba msamaha kwa kinywa cha mwanawe kwa kuwa alipokuwa na chake hakuthubutu kupanda hadi kwenu. Si lazima mmsamehe. Mkikataa tutamzika hivyo hivyo, ni wajibu wetu, na hakuna atakayewauliza neno, na atakayewauliza ataanza na Israr. Kitanda cha maiti kina miguu minne, mitatu ina watu wake wa kuibeba, wa mbele kulia hatukuupangia mtu. Maneno ya kumtakia marehemu mapumziko ya amani familia haiyasemi, tumewaachia ninyi wawili, na tutasubiri hapa, tumesimama.