Pazia la Leso Kati Yangu na Mama Mkwe

Jina la Bwana lipewe sifa, ndugu zangu, na mnivumilie, kwa maana ushuhuda wangu una malalamiko mengi kuliko ilivyo desturi. Wengine husimama hapa mbele wakiwa wametulia, nyuso zikiwa nyeupe kwa amani. Mimi Mungu aliniokoa nikiwa nimekasirika, na anajua kwamba hasira yenyewe haijaisha yote.

Mnanifahamu. Ni mwalimu wa historia katika shule ya upili, mzee wa kanisa hili, mume wa Mama Achieng' anayeketi pale upande wa kwaya. Nilihitimu chuo kikuu, nikaanza kufundisha, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuketi. Niliketi nikisahihisha mitihani. Niliketi katika vikao. Niliketi matangani chini ya turubai tangu asubuhi, na sahani zikanifuata nilipo. Mwili ukanenepa bila kuniomba ruhusa, hadi siku moja nikiwa na chaki mkononi ubao ukanizunguka, nikaanguka mbele ya vijana wa kidato cha tatu.

Daktari, mama mmoja aliyekuwa amechoka kuliko mimi, alisema sukari imepanda na presha imepanda. "Mwalimu, dawa nitakupa," akaniambia, "lakini dawa haiwezi kukutembeza. Usipoanza kutoa jasho, utarudi hapa umebebwa."

Ndugu zangu, nilijaribu. Nilitembea kando ya ziwa asubuhi, na kila niliyekutana naye akanisimamisha kuniuliza gari limeharibikia wapi. Nikanunua baiskeli. Wanafunzi wangu wa zamani, ambao sasa ni waendesha bodaboda, wakasimama wanibebe bure kwa huruma. Katika mji huu mtu wa umri wangu akionekana anatumia miguu yake, watu huanza kumwombea.

Ni mke wangu aliyeleta habari za chumba kimoja karibu na soko la Kibuye, juu ya duka la mbolea, ambako dada aitwaye Wambui huwafanyisha watu mazoezi kwa kucheza muziki. Wambui alikuja Kisumu kutoka upande wa Nyeri, akimfuata shangazi yake anayeuza mitumba sokoni. Nilikwenda kwa shingo upande, nikakuta kwamba mwanamume ni mimi peke yangu. Nilichukia kila kitu mle ndani. Nilichukia spika iliyokuwa inakoroma. Nilichukia harufu ya mbolea iliyopanda kutoka chini. Zaidi ya yote nilichukia kioo kilichojaza ukuta mzima, ambacho hakikuwa na kazi nyingine ila kunionyesha mtu niliyekuwa nimemchoka.

"Mwalimu, unacheza ama unapepeta mchele?" Wambui alikuwa akiniuliza mbele ya watu. Na Mama Felix, anayekaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, kule Obunga na ambaye sauti yake haijui kunong'ona, kila nilipoingia alinitazama tumboni kwanza. "Leo Mwalimu amekuja mwenyewe," alikuwa akisema, "ama ametuma tumbo limwakilishe?"

Hata hivyo sukari ilianza kushuka. Hilo nalo liliniudhi, kwa sababu lilimaanisha kwamba lazima nirudi.

Sasa sikilizeni jinsi jaribu lilivyoingia. Mama mkwe wangu, mama yake Mama Achieng', alifukuzwa na mafuriko kule Ahero, akaja kukaa kwa mwanawe katika mtaa wa Manyatta, kwa kuwa mnajua hawezi kulala katika nyumba ya mkwe wake. Huko Manyatta akapatwa na kiharusi kidogo. Kinywa kilirudi sawa, mkono ukarudi, ila mguu wa kushoto ukabaki unaburutwa. Hospitali wakamwambia maneno yaleyale niliyoambiwa mimi: usipoutumia mguu huo, utaupoteza, na utamaliza siku zako kitandani. Mke wangu, kwa upendo, akampeleka kwa Wambui pia. Alikuwa mwangalifu. Mama alikwenda siku zake, nami siku zangu, na hatukupaswa kukutana kamwe.

Kisha umeme ukapotea mtaa mzima, vipindi vikavurugika, na Wambui akayaunganisha makundi mawili bila kumwarifu mtu. Nilikuwa nyuma kabisa, nikipambana na kioo, nilipomwona mama mkwe akiingia ndani ya kioo hichohicho, amevaa suruali ya mazoezi ya mjukuu wake.

Kwa wageni waliopo, nitaeleza. Sisi Wajaluo, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, hawali chumba kimoja, hawatazamani machoni. Familia nyingi zimeilegeza desturi hiyo. Yetu haijailegeza. Kucheza pamoja, mmevaa vile, ni jambo ambalo hata kulitaja hapa linanitoa jasho.

Wambui hakuyajua hayo. "Kila mtu atafute mwenzake," akasema, na alipoona sisi wawili tumesimama kama nguzo, akaja na furaha yake yote, akauchukua mkono wangu na mkono wa Mama, akaviweka pamoja vidole vyetu. "Mwalimu, mshike Mama vizuri. Hawezi kukuuma."

Mama aliuvuta mkono wake, akajifunika uso kwa leso aliyokuwa amejitanda mabegani, akageukia ukuta. Mimi nikageukia ukuta wa pili. Muziki ukaendelea kupiga.

"Wambui," Mama Felix akasema, "leo umeua watu wawili."

Mama hakurudi tena. Nilimtuma mke wangu amwambie kwamba mimi ndiye nitakayeacha. Akajibu kwamba hawezi kumfukuza mkwe wake mahali alipopata uhai. Nami nikasema siwezi kucheza huku mguu wa mama wa watu ukikauka kwa ajili yangu, nikaacha vilevile. Kutenganisha siku haikuwezekana tena, kwa sababu mwenye jengo alikuwa amezipangisha zile siku nyingine kwa mafundi cherehani. Basi chumba kikawa na nafasi mbili tupu, nasi tukakaa kila mmoja kwake, tukiheshimiana kuelekea kaburini. Sukari yangu ikapanda. Habari za Manyatta zikawa kwamba Mama sasa anakwenda chooni kwa kushikwa.

Na ushauri, ndugu zangu. Nani hakunipa ushauri? Mjomba wangu alisema tumetiana aibu, nipeleke mbuzi. Wambui alilia, kisha akauliza kwa nini watu wa ziwa wanafanya maisha kuwa magumu hivi. Mchungaji wetu, aliyeketi pale na anayejua kwamba nampenda, alisema hivi ni vifungo vya kimila na nikavivunje kwa jina la Yesu. Nilimtii. Nikaweka mistari kichwani, nikanunua mkate, nikaenda Manyatta kumfungua mama mkwe wangu.

Alikataa kutoka. Alizungumza nami kutoka nyuma ya pazia la mlango, nami nimesimama kwenye matope na mkate wangu.

"Baba Achieng'," akasema, "mimi nimeokoka kabla hujamwoa binti yangu. Kukuheshimu hakujawahi kunizuia kuomba. Umekuja kunitoa pepo gani?"

Nikauhamishia mkate mkono wa pili.

"Basi acha mkate hapo kwa dirisha, uende ukacheze."

Niliondoka nimechoka na watu wote. Nilimwambia Mungu hivyo, kwa maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyatumia. Nilimwambia kwamba amenipa mwili mbovu, na dawa moja tu iliyoufaa, na katika mji mzima wenye watu wengi namna hii akamleta mtu mmoja asiyeweza kuinywa pamoja nami. Nilimwambia kwamba kama huo ni mpango, mimi siuelewi. Nilikuwa bado nasema hayo nilipofika kona ya barabara, nikasimama ghafla, mwenye toroli la maji nyuma yangu akanitukana kwa Kijaluo.

Pazia. Nilikuwa nimetoka kuzungumza na mama mkwe wangu sasa hivi, maneno mengi kuliko ya mwaka mzima, na hakuna aliyevunjiwa heshima, kwa sababu kulikuwa na pazia. Na ndivyo ilivyokuwa sikuzote. Nilipokuwa nikienda Ahero kwao, alinisalimu kutoka jikoni nyuma ya kitambaa, akaniuliza habari za watoto, akacheka. Mila yetu haikuwahi kusema mmoja abaki nyumbani afe. Ilisema tu tusitazamane. Nimefundisha historia ya watu hawa maisha yangu yote, na jambo hilo nililikumbuka nikitukanwa barabarani.

Nilimpelekea Mama Felix wazo hilo, naye akakusanya leso kwa wanawake wenzake, akazishona, zikatundikwa kwenye kamba ya kuanikia nguo kutoka dirishani hadi kwenye msumari ukutani. Kona yangu ikawa nyuma ya hapo, karibu na madumu ya maji. Mimi huingia kwanza na kutoka mwisho. Mama alipoelezwa, aliuliza kama leso hizo ni nzito za kutosha. Siku iliyofuata akaja, akishikwa na mke wangu.

Msidhani nilifurahi. Feni ilinipulizia leso usoni. Mbele yangu palikuwa na ukuta wenye unyevu, simwoni Wambui, nafuata sauti tu, na kila mara alipaza: "Mwalimu, uko hai?" Nikijibu, wanawake wote wanacheka. Nililalamika kila kipindi. Lakini kwa kuwa hapakuwa na kioo, yule mtu niliyemchoka hakuwepo tena kunitazama, na taratibu nikaanza kuomba nikicheza. Niliomba kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya.

Na nikaanza kusikia. Miguu ya wanawake ilishuka sakafuni kwa pamoja, na baada yao, peke yake, ukaja mguu mmoja unaokwaruza mbao. Niliujua ni wa nani. Kila kipindi niliusikiliza. Niliuombea mguu huo kuliko nilivyoiombea sukari yangu. Mkwaruzo ukaanza kufupika. Wanawake waliokuwa wakimtazama hawakuona badiliko, maana walimwona akiyumba vilevile. Mimi nisiyemwona nililisikia.

Kisha likaja alasiri moja ya joto kali, katikati ya wimbo mrefu wa ohangla, ambapo miguu yote ilishuka na baada yake hakukufuata kitu. Nilingoja. Miguu ikashuka tena. Kimya. Mkwaruzo haukuwepo; mguu wake ulikuwa umeinuka na kushuka pamoja na mingine. Nilisimama nyuma ya leso nikiwa nimeegemea madumu, nalia, mzee mzima, na hakuna aliyejua.

Hivyo ndivyo nilivyodhani. Wimbo ulipokwisha, sauti ikaja kutoka upande wa pili wa pazia, karibu sana, yenye heshima zote.

"Baba Achieng'. Mguu wako wa kushoto ulisimama. Unaumwa?"

Naye alikuwa akinisikiliza, ndugu zangu, muda wote huo.

"Siumwi, Mama," nikasema.

"Basi cheza. Huwa unachelewa kidogo huo wa kushoto. Mimi nimekuombea, lakini naona pia ni uvivu."

Mama Felix alicheka hadi akaketi sakafuni.

Leo sukari yangu imeshuka, na Mama anakwenda sokoni Kibuye kwa miguu yake mwenyewe. Namshukuru Mungu, ambaye sijui kwa nini alichagua njia ya kelele kiasi hiki. Na wewe uliyeketi nyuma huko, uliyeambiwa na daktari utoe jasho nawe unaona aibu, au uliyeamua kwamba kwa sababu ya fulani huwezi kuingia mahali penye uzima wako, usiondoke. Mtegemee Mungu hata kwa manung'uniko, kama mimi. Nyuma ya lile pazia kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi, kando ya madumu. Feni itakupulizia leso usoni. Njoo tu.