Nilipiga Piano Nikiwa Nimefunga Madirisha

Sifa kwa Yesu, wapendwa! Swali lililoninyima usingizi ni hili: muziki unaotoka vidoleni mwangu bila mtu kunifundisha, unatoka kwa nani?

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Atieno, nawapigia piano kila Jumapili, yule aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi. Msichojua ni kwamba katikati ya wiki nilikuwa naingia humu kanisani peke yangu, nafunga madirisha yote, hata ya upande wa ziwa. Na joto la Homa Bay mnalijua! Nakaa kwenye piano bila kitabu cha nyimbo. Naweka kidole popote, nasikiliza, kisha nafuata. Ikitoka sauti nzuri, naogopa. Ikitoka mbaya, naogopa zaidi.

Siku moja shangazi yangu, Wayo Pelesia, aliyeolewa Migori, alikuwa amekuja kututembelea. Akanifuata kanisani, akasukuma mlango.

"Huo ni wimbo namba ngapi?"

"Hauna namba, Wayo."

"Na maneno?"

"Hauna."

"Sasa unamwimbia nani? Wewe mtoto, juogi huanza hivyo hivyo!"

Juogi! Mapepo! Ndugu zangu, neno hilo lilinifuata hadi nyumbani. Nikawaza: mbona vidole vinajua njia nisiyoijua mimi? Nikawaza: mtu akiingiwa na pepo, yeye mwenyewe hujua? Nikaacha kabisa. Nikawa napiga nyimbo za kitabuni tu, na kila nilipokosea nilihisi kanisa zima limeniona hadi ndani.

Kisha dani yetu, mama yake Wayo, akafariki. Wayo alipofika kutoka Migori, alitupa mkoba langoni, akakimbia kuizunguka nyumba akilia kama tunavyolia kwetu.

"Mama! Dagaa wako wa omena umewaanika, nani atawaanua? Mama, kuku wako wananiuliza, niwajibu nini?"

Maneno yalimtoka yenyewe, na sauti ikapanda na kushuka. Hakuna aliyemwandikia. Na mimi, niliyekuwa sijatoa chozi, nikalia!

Baada ya mazishi nilimpelekea chai. Nikauliza.

"Wayo, ule wimbo wako ulikuwa namba ngapi?"

"Kilio kina namba? Kinatoka tu. Mungu anakijua." Akanitazama. "Ai, wewe! Umenishika."

Tukacheka huku tunalia. Ndugu zangu, Bwana alinifungua pale pale, kwa mdomo ule ule ulionitisha! Hofu haijaisha yote. Lakini namshukuru Mungu anayesikia kisicho na maneno. Nawe uliyefunga madirisha yako, mwamini. Mletee hata kile usichokielewa.

Leo asubuhi nilifika kabla ya mtu yeyote. Nikafungua madirisha yote. Nikaweka kitabu cha nyimbo sakafuni, nikapiga. Ule muziki mliousikia mkipanda kilima, mkaulizana mlangoni ni namba ngapi, ndio huo.