Kushoto kwa Mlango

Benchi la Zilpah lilikuwa limehama mara tatu. Lilikuwa ubao tu wa mtumbwi uliopasuka, umelazwa juu ya mawe mawili, lakini lilihama kama watu wanavyohama, kwa shingo upande. Ziwa ndilo lililolifukuza. Tangu mvua ile ya mwaka wa sitini na moja maji ya Karungu yalikuwa yakipanda kidogo kidogo, bila kelele, kama mtu anayevuta blanketi, na sasa, mwaka wa sitini na nne, yalikuwa yamefunika maduka mawili, njia ya chini, na boma zima la Zilpah pamoja na ua wake wa minyaa. Asubuhi kukiwa na ukungu, ungeona ncha za ua huo zimetokeza majini kwa mstari, ndege wameketi juu yake, kana kwamba boma bado lina wenyewe na wenyewe bado wamelala. Mbali huko wadudu wa ziwa walikuwa wakipanda angani kama moshi wa jiko ambalo hakuna aliyeliwasha. Zilpah hakuwa mtu wa kukodolea moshi macho. Alipuliza moto wake mwenyewe nje ya jikoni kwake, kwenye nyumba mpya, akachemsha kahawa, akawangoja wazee wake watatu waje waharibu hewa.

Wa kwanza alikuwa Jared, ambaye watu walimwita Redio. Redio kweli alikuwa nayo, ila betri zake zilikufa wiki moja baada ya bendera mpya kupandishwa, na tangu siku hiyo habari zake zote zilikuwa za Desemba. Wa pili Maurice, Kapteni, aliyetia kuni katika tanuri la meli miaka kumi na miwili, chini kabisa, bila kuliona ziwa hata siku moja isipokuwa siku ya mshahara. Wa tatu Onsongo, Mkisii wa ndizi, Msabato. Kahawa kwake ilikuwa haramu, kwa hiyo alikunywa maji moto katika kikombe cha kahawa, na jina lake likawa hilo hilo, Maji Moto.

Asubuhi hiyo walikuwa na kazi, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Watu watano walitoka majini juzi kwa mtumbwi, wamekimbia kwao Rwanda, wamepita Bukoba, wakasukumwa huku na huku mpaka Karungu. Mama mzee, binti yake, mume wa binti, na watoto wawili. Walikuwa wamelala kwenye stoo ya pamba, na Jumatatu pamba ingeanza kuletwa. Chifu alikuwa amesema atapita saa nne, na wazee wa benchi wampe neno moja. Wageni wapewe mahali wakae, ama wapandishwe lori waende mbele. Mbele wapi, Chifu hakusema.

— Mimi nasema waende, — akaanza Redio, kikombe kikiwa bado hakijafika mdomoni. — Hao si watu watano. Hao ni watu wa mfalme. Mfalme wao ana ng'ombe wenye pembe ndefu kama makasia. Ng'ombe wakisikia mwenyewe yuko huku, watafuata.

— Watafuata kwa mtumbwi gani, omera, ndugu yangu? — Kapteni akamuuliza.

— Watatembea. Chini ya maji. Kwani ng'ombe anashindwa kutembea? Siku moja utaamka uone pembe tu, pembe tu, zinatoka ziwani kama msitu.

Wote wakageuka wakalitazama ziwa. Ukungu ulikuwa umelala juu yake, na zile ncha za minyaa zikaonekana kwa dakika moja kama pembe kweli. Maji Moto akasogeza miguu.

— Hiyo ni ua wangu, — akasema Zilpah. — Kunywa kahawa, Jared.

Kapteni akakohoa, na kikohozi chake kilikuwa ishara kwamba sasa yanakuja maneno ya mtu aliyesafiri.

— Nyinyi hamjui ziwa. Mimi nimeliona kutoka chini. Ziwa ni sufuria. Watu wakijaa upande mmoja, sufuria inainama, maji inakuja upande huo. Mnadhani kwa nini maji imepanda? Ni uzito. Watu wa ng'ambo wanahama kwao, wanakuja huku, maji inawafuata.

— Maji ilipanda miaka mitatu kabla hawajakuja, — akasema Maji Moto.

— Ilikuwa inajua.

— Sasa tufanye nini, Kapteni?

— Hesabu tu. Tukipokea watano, tunapeleka watano ng'ambo. Sufuria inasimama sawa.

— Utaenda wewe?

— Mimi ni mzito sana. Nitaharibu.

Maji Moto hakucheka. Alikuwa akizungusha kikombe mikononi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba usiku aliota ziwa limepanda mpaka milima ya Kisii, na yeye ameketi juu ya benchi hili hili, benchi linaelea, anawauzia samaki ndizi, na samaki wanachagua zilizoiva.

— Nikamuuliza ziwa, wewe unaenda wapi? Ikaniambia, mimi pia nimefukuzwa kwetu, natafuta pahali pa kulala.

Redio akajikuna kidevu.

— Na wewe unasema wakae ama waende? — Redio akamuuliza hatimaye.

— Waende, — akasema Maji Moto. — Pahali ni padogo.

— Na wewe, omogaka, mzee wa Kikisii, nani alikuweka hapa?

— Mimi nilikuja na ndizi.

Zilpah alikuwa akipangusa vikombe kwa kanga. Stoo ya pamba alikuwa ameifikia mara mbili tangu juzi. Mara ya kwanza kupeleka sufuria, si kwa huruma, bali kwa sababu yule mama mzee alikuwa amekuja kuiomba, na mtu akisimama mlangoni anakuzibia mwanga. Mara ya pili alikwenda kuidai sufuria yake, akamwona binti ameegemea gunia, tumbo limeshuka, miguu imevimba kama viazi. Akarudi bila sufuria.

— Yule msichana hafiki Jumatatu na hilo tumbo, — akawaambia.

— Nyar Kadem, — akasema Kapteni, akimwita binti wa Kadem, kwao alikozaliwa, kama wazee wanavyomwita mwanamke wanayemtaka anyamaze, — hii ni maneno ya ardhi. Mgeni ukimkalisha anakuwa jadak, anakaa kwa shamba ya wengine, na watoto wake na wajukuu. Si maneno ya tumbo.

— Na wewe unakaa kwa shamba ya nani?

Kapteni akachungulia kikombe chake. Boma lake lilikuwa majini. La Redio pia. Wote walikuwa wamepandishwa mlimani na kukalishwa na ukoo wa watu wa juu, kwa kuombaomba, mpaka maji yatakaposhuka.

— Sisi si jadak, — akasema Redio. — Sisi tulisukumwa na maji.

— Na wale wamesukumwa na nini? Upepo?

Hapo ndipo yule mama mzee wa Rwanda alipotokea katika ukungu. Alikuwa mrefu, amejifunga shuka moja, na mbele yake, kwa mikono miwili, alibeba kitu kilichofungwa katika jani la mgomba. Kapteni alipoliona jani akadhani ni chakula cha shukrani. Akasogea kumpa nafasi, akafuta viganja vyake kwenye suruali.

— Karibu mama, — akasema. — Si ungengoja tumalize kikao?

Mama hakuketi. Kiswahili chake kilikuwa cha Bukoba, kinatembea polepole.

— Binti yangu amejifungua alfajiri. Mtoto mwanamke. Hili ni kondo lake la nyuma. Kwetu hatutupi, tunazika nyumbani. Nimekuja kuuliza tu. Hapa nizike wapi?

Kapteni akatia mikono yake mifukoni.

Mtu yeyote wa Karungu anajua maana ya swali hilo. Mahali kondo lako lilipozikwa ndipo kwenu, na hakuna chifu wala ukoo unaoweza kukuambia ondoka. Hata mwizi akitoka jela hurudi hapo. Ile kazi yao yote ya asubuhi, wakae ama waende, ilikuwa imefungwa ndani ya jani moja.

— Labda nyuma ya stoo, — Redio akajaribu.

— Stoo si nyumba ya mtu, — akasema Zilpah. — Mtoto akikua mtamwambia kwao ni kwa pamba?

Mama mzee akawatazama mmoja mmoja, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia.

— Makondo yenu nyinyi, wazee, yako wapi? Nitazika karibu na hapo.

Kapteni akainua mkono wake kuonyesha. Mkono ukaelekea ziwani, ukabaki hewani, ukashuka. Redio alitazama hapo hapo. Kondo la Maji Moto lilikuwa kavu huko Kisii, lakini ya watoto wake watano yalizikwa hapa, nyuma ya duka la pili, na sasa mitumbwi ilipita juu yake.

Zilpah aliitazama mistari ya minyaa. Makondo ya wanawe wanne yalikuwa pale chini, ya wavulana wawili kulia kwa mlango, ya wasichana wawili kushoto, na mlango wenyewe sasa uliingiwa na samaki. Katika nyumba yake mpya hakuna aliyewahi kuzaliwa. Aliiona hasara yote vizuri. Watu wa juu wangemuuliza, yeye mwenyewe jadak, amepata wapi ruhusa ya kupanda mtu. Mtoto angekuwa na haki ya mlango wake mpaka kufa. Na ile sufuria, basi tena.

Akamimina kahawa. Yakatoka matone mawili, halafu machicha.

— Kahawa imeisha, — akasema. Akachukua jembe lililoegemea ukuta wa jikoni. — Msichana anazikwa kushoto. Njoo, mama.

Lori la Chifu lilipofika, ukungu ulikuwa ukiinuka. Chifu akateremka, akajipangusa wadudu wa ziwa mabegani.

— Haya wazee. Neno moja.

Nyuma ya jikoni kulisikika jembe, tu, tu, bila haraka.

— Nyar Kadem analima saa hii?

— Halimi, — akasema Kapteni.

Chifu akasikiliza. Aliona benchi limejaa wanaume watatu wanaotazama miguu yao.

— Upande gani wa mlango? — akauliza.

— Kushoto.

— Basi ni msichana.

Akamwashiria dereva azime lori, akaketi mwisho wa ubao, akaomba kahawa. Maji Moto akamsukumia kikombe chake.