Mkate wa Hajati na Ngiri ya Kijana

Kwenye basi dogo la kwenda Mansura, kijana wa mbele yangu alikuwa amejishika kinena. Bibi wa pembeni yake, asiyemjua, akamkatia mkate wa samli. "Ahsante Hajati, leo napasuliwa ngiri. Daktari kasema nisile kitu." Bibi akamkodolea macho. "Huyo daktari ana mama kweli? Uende kwenye kisu na tumbo tupu, nguvu utatoa wapi?"

Kijana akapumua kwa nguvu. "Hajati, mara ya kwanza shangazi alinilisha maharage, nikarudishwa. Mara ya pili mama mkwe, mayai. Sasa utumbo umeanza kunasa kwenye ngiri! Nikila nitatapika kwenye usingizi wa dawa, nipaliwe nife." "Mkate wangu haujawahi kumtapisha mtu!"

Basi zima likamgeukia kijana, maana kwetu kumrudishia bibi mkate ni kumtukana hadharani. Mzee wa nyuma akasema, "Onja tu, usimvunje moyo." Yeye, bila shaka, hakuwa na ngiri.

Tukasimama langoni pa hospitali. Kijana akateremka amejikunja, mkate mkononi, na bibi akatoa kichwa dirishani: "Meza kwanza, ndipo uingie!"