Mama Georgina na Vijana Wake wa Visiwani

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mama Georgina Kokushubila anastaafu tarehe 30 Juni. Amechoka, wala hafichi. Siku hizi ukimwuliza habari za kazi, anatafuta kiti kwanza ndipo akujibu.

Alianza kama mdadisi wa utafiti wa afya hapa kituoni Bukoba, akizunguka Ijuganyondo na baadaye Ngenge kwa baiskeli ya ofisi, kisha akawa msimamizi wa tafiti za vijana. Enzi hizo kijana alikuwa mtu wa kuulizwa maswali, kupewa soda na kusahauliwa.

Mambo yaligeuka visiwani Muleba. Mama alipanga wiki nzima ya mahojiano kwenye kambi ya dagaa, tena katika giza la mwezi, vijana wanapokesha ziwani na kulala mchana. Aliowapata walisinzia, mmoja alikoroma kabla hajamaliza kutaja umri wake. Machibya, mvuvi kijana kutoka Usukumani, alimweleza bila kupindisha maneno kwamba angewauliza mapema wangemwambia aje wakati wa mbalamwezi, dagaa wasipovuliwa na watu wakishinda kambini kushona nyavu. Mama alicheka mpaka machozi, akarudi Bukoba mikono mitupu, akakaripiwa.

Tangu hapo hakupanga utafiti bila vijana. Machibya na Oliva, binti mfanyabiashara wa dagaa, walikaa naye meza moja kutunga maswali. Oliva alifuta lile ambalo Mama alilipenda kuliko yote, akisema hakuna msichana wa kambini atakayelijibu kwa ukweli. Mama alinuna siku mbili, kisha akakubali. Matokeo yakawa yanasomwa kambini kwanza ndipo yaende kwa wafadhili. Tafiti zilichelewa, lakini majibu yakaanza kuaminika.

Ilichosha, tusidanganyane. Kila mradi ulikuja na wakubwa wapya, na kila mara Mama alianza upya kueleza kwa nini mvuvi anakaa kwenye kamati ya utafiti. Mwishowe aliacha kueleza. Alimwingiza Oliva kikaoni, yeye akajikalia nyuma na chai yake.

Sasa mradi unakwisha, na viti viwili vya vijana kwenye kamati havimo katika mpango mpya. Hilo linamuumiza kuliko kuondoka kwenyewe. Alikataa zawadi ya kuagwa, akaomba viti hivyo vibaki. Godoro tumemnunulia hata hivyo, maana mgongo wake tunaujua. Ombi lake, hadi programu hii ya hafla ya kumuaga inakwenda kuchapwa, uongozi haujalijibu.

Mama Georgina, asante kwa yote. Nenda kibanjani kwako Kashozi ukatandaze majani kwenye migomba, wajukuu wakuzoee. Usije Jumatatu kuulizia vile viti. Tutakwenda sisi, pamoja na Machibya na Oliva, na tutakaa mlangoni pale mpaka tujibiwe. Ustaafu wako uwe wa heri na afya, waitu, mpendwa wetu. Zamu ya kuchoka sasa ni yetu.

Annastella, kwa niaba ya watumishi wenzako